Kifua kwanza, hewa baadaye: mwongozo wa kufundisha upumuaji wa binadamu

Kila muhula maswali ni yaleyale. Nianze na mchoro au na jaribio? Maji ya chokaa yanatengenezwaje? Mbona puto langu halijai? Na hili linalowatesa walimu wengi wapya: mbona wanafunzi wanataja viungo vyote kuanzia pua hadi mapafu bila kukosea, halafu ukiwauliza hewa inaingiaje wanajibu "mapafu yanaivuta"? Nimeona niandike yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayefundisha sayansi wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, hasa kama ni mara yako ya kwanza kufika kwenye mada hii.

Jambo moja ukilishika, mengine yatajipanga nyuma yake: hewa haiinui kifua. Kifua hupanuka kwanza, ndipo hewa ikaingia. Karibu kila mwanafunzi huja darasani akiamini kinyume chake, na lugha yetu inamsaidia kukosea. Tunasema "vuta pumzi", naye anapata picha ya mtu anayefyonza kinywaji kwa mrija. (Hata kwenye mrija ni hewa ya nje inayosukuma kinywaji kipande juu, lakini hiyo vita iache kwa siku nyingine.) Mwaka wangu wa kwanza nilianza na mchoro, wakauweka lebo wote, nikajiona fundi. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mapafu hayachoki kuvuta?" Sikuwa nimewafundisha kitu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vipindi vitatu vya dakika 40 vinatosha ukibana. Vinne, kama unataka watoto nao wapumue.

- Chupa ya plastiki ngumu na angavu kwa kila kikundi cha watu wanne, ya mililita 500 hadi lita 1. Chupa laini inayobonyea ukiishika itakuangusha.
- Maputo mawili kwa kila chupa, na mengine ya akiba. Yatapasuka.
- Mkasi, msasa, selotepu na mipira ya kufungia. Kisu kikali kiwe mkononi mwako, si mwa wanafunzi.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Futi ya fundi cherehani, moja kwa vikundi viwili.
- Mirija ya kunywea, mmoja kwa kila mtu. Mrija haugawanwi.
- Glasi ndogo za uwazi na miwani ya kinga.
- Bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, au pampu ya baiskeli.
- Mawe madogo au vifungo 100 kwa kila kikundi.
- Chaki, karatasi za rangi tofauti, na maji ya chokaa.

Maji ya chokaa tengeneza siku moja kabla. Chukua kijiko kimoja cha chai cha chokaa iliyozimwa, yaani kalsiamu haidroksaidi, utie kwenye lita 1 ya maji, funga, tikisa vizuri, kisha uache itulie usiku kucha. Chokaa nyingi itabaki chini kwa sababu maji hayawezi kuyeyusha zaidi ya gramu moja na nusu hivi kwa lita. Usishangae, wala usiongeze. Asubuhi mimina taratibu yale maji maangavu ya juu, yapitishe kwenye karatasi ya kuchujia au kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, uyatie kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni na kuifunga kwa nguvu. Chupa iliyojaa nusu ina hewa ndani, na hewa hiyo itaanza kufanya jaribio lako kabla hujafika darasani.

Onyo: usitumie chokaa isiyozimwa. Ikikutana na maji hutoa joto kali na inaweza kuunguza. Hata maji ya chokaa yenyewe huwasha ngozi na ni hatari machoni.

Ulizia pia afya za wanafunzi mapema na kwa faragha, si mbele ya darasa. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu asilazimishwe kuruka. Mpe saa na daftari awe mtunza takwimu, kazi yenye heshima kama nyingine. Mwenye mzio wa mpira asiguse maputo.

Halafu kubaliana na nafsi yako kuhusu maneno. Mimi hutumia "upumuaji" kwa kuingiza na kutoa hewa, na "respiresheni" kwa kazi ya seli ya kupata nishati kutoka kwenye chakula. Kitabu chako kikitumia maneno mengine, fuata kitabu, mradi usiite vitu viwili kwa jina moja. Ukivichanganya wewe, wao hawataweza kuvitenganisha.

Hatua

1. Uliza kabla ya kueleza. Mpe kila mwanafunzi kipande cha karatasi amalizie sentensi hii: "Ninapovuta pumzi kifua changu hupanuka kwa sababu…" Waandike majina, kusanya, weka mfukoni. Usisahihishe, wala usitikise kichwa. Utazihitaji mwishoni.

2. Wahesabu pumzi. Wakae wawili wawili. Hapa kuna mtego: mtu akijua anahesabiwa, pumzi yake hubadilika papo hapo. Tumia ujanja wa wauguzi. Mwambie mwenzake ashike kifundo cha mkono kama anayepima mapigo ya moyo, huku macho yake yakihesabu kupanda na kushuka kwa kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, si mbili. Usipolisema hili mapema, nusu ya darasa italeta idadi maradufu. Wahesabu kwa sekunde 30, wazidishe kwa 2.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua takribani mara 12 hadi 20 kwa dakika, na watoto huelekea kuwa juu kidogo. Kisha waruke papo hapo kwa dakika 1, wahesabu tena, na waendelee kuhesabu kila dakika hadi warudi walipoanzia. Wachore grafu. Acha swali moja ubaoni bila jibu: mbona umeshaacha kuruka, lakini pumzi bado inakwenda mbio? Jibu litakuja hatua ya 9.

Onyo: mashindano ya kuzuia pumzi marufuku, hata kama wanayaomba. Hatari zaidi ni kupumua haraka na kwa kina mara nyingi halafu kuzuia. Kinachotusukuma kupumua kwa kawaida ni kupanda kwa kabonidayoksaidi mwilini kuliko kushuka kwa oksijeni, na mtu aliyeitoa kwa wingi kabla ya kuzuia anaweza kuzimia bila kuhisi dalili ya kukosa hewa. Waambie wasilifanye kabisa ndani ya maji.

3. Ziba pua. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Mwambie kila mmoja atoe hewa kawaida, afunge mdomo, abane pua kwa vidole, halafu ajaribu kupanua kifua kana kwamba anavuta pumzi, kwa sekunde 2 tu. Mkono mwingine uwe kwenye mbavu. Kisha aachie pua.

Uliza: kifua kilijongea? Ndiyo, kidogo. Hewa iliingia? Hapana, mlango ulikuwa umefungwa. Ulipoachia pua kulitokea nini? Hewa iliingia kwa kishindo, wengine wataisikia sauti yake. Sasa nani alitangulia, kifua au hewa? Nyamaza. Waache wabishane. Utaona sura zikibadilika moja moja.

Wakishatulia, wapime mzunguko wa kifua kwa futi, wakati wa kutoa pumzi yote wanayoweza na wakati wa kuvuta kwa kina. Mvulana kwa mvulana, msichana kwa msichana, juu ya nguo. Tofauti ya sentimita chache inatosha kuonyesha kwamba ukuta wa kifua wenyewe unasogea.

4. Tengeneza kifua cha chupa. Hapa ndipo maputo mengi hufia, kwa hiyo nenda polepole.

a) Kata kitako cha chupa kabisa kwa kisu, ubaki na shingo na mwili. Lainisha ukingo kwa msasa; ukingo wenye meno hukata mpira.

b) Puto la kwanza lipulize na kulitoa hewa mara tatu au nne ili lilegee. Lisukume ndani kupitia mdomo wa chupa, midomo yake uikunje nje kuzunguka shingo, funga kwa mpira. Hili ni pafu.

c) Puto la pili likate shingo yake. Sehemu pana inayobaki ivute iwambwe kwenye kitako kilicho wazi kama ngozi ya ngoma. Zungushia selotepu mara mbili au tatu. Hii ni diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo.

d) Kabla mtu yeyote hajagusa, kila kikundi kiandike utabiri: mpira wa chini ukivutwa kwenda chini, puto la ndani litafanya nini? Usiruke hatua hii. Mwanafunzi asiyetabiri huona puto linajaa, anacheka, na hajifunzi chochote.

e) Wabane katikati ya mpira wa chini na kuuvuta taratibu. Puto la ndani litajaa. Wakiuachia litanywea.

Sasa maelezo, kwa sentensi chache tu. Nafasi ndani ya chupa imeongezeka, hewa ileile iliyozunguka puto imetawanyika kwenye nafasi kubwa zaidi, mgandamizo wake umeshuka, na hewa ya nje yenye mgandamizo mkubwa zaidi imesukuma njia yake hadi ndani ya puto. Hakuna aliyevuta hewa. Aliyevutwa ni mpira wa chini.

Usiishie hapo. Fanya majaribio mawili ya nyongeza, dakika tatu yote. Kwanza, waweke kidole gumba juu ya mdomo wa chupa na kuvuta tena. Puto halijai, kama ilivyokuwa walipoziba pua. Pili, chukua chupa moja utoboe ubavu wake kwa ncha ya mkasi. Vuta mpira wa chini: puto la ndani linabaki limelala, kwa sababu hewa sasa inapitia kwenye tundu. Waeleze kwamba ndivyo inavyoweza kumtokea mtu aliyetobolewa kifua kwa ajali. Pafu lenyewe linaweza kuwa zima kabisa na bado likanywea. Darasa litakuwa kimya, nakuahidi. Baada ya hapo yule aliyeuliza kama mapafu huchoka atajijibu: mapafu hayana misuli ya kujipanua. Wanaofanya kazi ni diaframu na misuli iliyo katikati ya mbavu.

5. Ukosoe mfano wako mwenyewe. Waulize: chupa hii inadanganya wapi? Wakikwama, waongoze kwenye haya. Chupa ni ngumu, ilhali mbavu husogea juu na nje. Diaframu ya kweli imepinda juu kama kuba inapopumzika na hulala bapa inapokaza; ya kwetu huanza bapa na kuvutwa chini. Kati ya puto na chupa kuna nafasi kubwa, wakati pafu limegusana na ukuta wa kifua, katikati kukiwa na utando wa majimaji mwembamba tu. Na pafu si mfuko mtupu, ni kama sponji. Usipofanya hatua hii, mwezi ujao utasoma kwenye mtihani kwamba "mapafu ni maputo mawili".

6. Sasa ndiyo mchoro. Pua, koromeo, zoloto yaani kisanduku cha sauti, bomba la hewa yaani trakea, bronki mbili ambazo ni matawi yake, bronkioli ambazo ni vijitawi vyembamba, vifuko vya hewa. Pita haraka; wameshajua kwa nini viungo hivi vipo. Mambo matatu tu yanastahili kusimama. Trakea ina pete za gegedu zinazoizuia isinywee, na kila mtoto anaweza kuzigusa mwenyewe kwa upole chini ya zoloto. Kidakatonge hufunika njia ya hewa unapomeza, ndiyo maana huwezi kumeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Waache wajaribu kwa kumeza mate. Na mapafu hayalingani: la kulia lina ndewe (sehemu kuu) tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa moyo umeegemea upande huo.

7. Mawe 100. Waambie mawe yote ni hewa tunayoingiza, wayagawe kwa kubahatisha. Karibu wote watarundika oksijeni. Kisha toa hesabu: mawe 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na 1 lililobaki ni gesi nyingine, nyingi yake ikiwa agoni. Kabonidayoksaidi, kwa asilimia 0.04, haipati hata jiwe moja. Ingehitaji rundo la mawe 2,500 ili ipate lake.

Sasa hewa tunayotoa: naitrojeni 78 vilevile, oksijeni kama 17, kabonidayoksaidi 4, gesi nyingine 1. Mvuke wa maji tumeuweka pembeni. Wapumulie kwenye kioo wauone. Acha wayaangalie yale mawe 17 kwa muda. Sentensi ya "tunavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi" imevunjika mbele yao. Tunavuta hewa na kutoa hewa, ila imebadilishwa kidogo. Atatokea mmoja atakayeuliza kama ndiyo sababu mtu anaweza kuokolewa kwa kupuliziwa mdomo kwa mdomo. Ndiyo, ndiyo sababu.

8. Maji ya chokaa. Tia maji ya chokaa robo glasi kwenye glasi mbili. Katika ya kwanza sukuma hewa ya chumba kwa bomba la sindano, mara kumi au zaidi. Katika ya pili mwanafunzi mmoja apulize taratibu kwa mrija. Ndani ya nusu dakika hivi glasi ya pili itakuwa nyeupe kama iliyomiminiwa maziwa, na ya kwanza itabaki angavu. Weupe ule ni kalsiamu kaboneti, iliyotokana na kabonidayoksaidi kukutana na chokaa.

Walimu wengi huiacha glasi ya kwanza kwa kuokoa muda. Usiiache. Bila hiyo hujaonyesha kwamba hewa tunayotoa ina kabonidayoksaidi zaidi. Umeonyesha tu kwamba kupuliza hugeuza maji kuwa meupe.

Onyo: wavae miwani, na apulize, asifyonze. Toboa kila mrija tundu dogo la pini karibu na juu, mahali pasipofika majini. Akifyonza kwa kusahau ataingiza hewa kupitia tundu badala ya maji ya chokaa. Yakimwingia mdomoni asukutue kwa maji mengi na kutema. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na umpeleke kwa mhudumu wa afya.

9. Ifuate oksijeni hadi kwenye seli. Toka nje na chaki. Chora mstatili wa mita 7 kwa mita 10. Hilo ndilo eneo linalokadiriwa la kuta za vifuko vya hewa vya mtu mzima mmoja, kama zingefunuliwa na kutandazwa: mita za mraba 70 hivi. Wasimame wote ndani. Vifuko vyenyewe ni mamia ya mamilioni, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kiasi cha seli mbili bapa, moja ya kifuko na moja ya kapilari, yaani mshipa mwembamba sana wa damu. Oksijeni hupita hapo kwa difyusheni, kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache. Kabonidayoksaidi hupita kwa kanuni hiyohiyo kuelekea upande wa pili.

Kisha igizeni. Upande mmoja wa uwanja ni mapafu, mwingine ni msuli wa paja, katikati moyo wenye milango miwili. Wanafunzi ni damu: wanachukua kadi nyekundu za oksijeni mapafuni, wanapita moyoni, wanazipeleka kwenye msuli, wanapewa kadi za kijivu za kabonidayoksaidi, wanapita moyoni tena, wanarudi mapafuni. Anayepita moyoni mara moja tu kwa mzunguko mzima arudishwe. Kadi zenu za damu zisiwe za buluu, hata kama michoro ya vitabuni ina buluu. Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokolea.

Kwenye msuli muweke mwanafunzi makini mwenye kadi za glukosi. Sheria yake: kwa kila kadi 1 ya glukosi anapokea oksijeni 6, anatoa kabonidayoksaidi 6 na maji 6, na kila mara anapaza sauti "Nishati!" Hapo ndipo mlinganyo wa respiresheni unapoandikwa ubaoni, ukiwa umeshachezwa kwa miguu. Kisha amuru msuli ukimbie, na msuli uitishe oksijeni kwa kasi maradufu. Damu itaanza kukimbia na mapafu yatazidiwa. Tangaza kwamba msuli umepumzika, uone foleni ya kadi za kijivu ikiendelea kurudi mapafuni. Swali la hatua ya 2 linaanza kujijibu.

Ukiwa na dakika tano, wasimulie kuhusu wanasayansi Lavoisier na Laplace, huko Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1780. Walimweka simbilisi kwenye chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, wakalinganisha na joto la mkaa unaoungua na kutoa kiasi kilekile cha kabonidayoksaidi. Viwango vilikaribiana. Wakahitimisha kwamba kupumua ni aina ya kuungua, ila kwa polepole. Wanafunzi hupenda kujua kwamba simbilisi alitoka salama.

10. Rudisha karatasi. Toa zile karatasi za hatua ya 1. Kila mmoja asome sentensi yake na kuandika chini yake angesema nini leo. Kisha maswali mawili yanatosha: fuata chembe moja ya oksijeni kutoka puani hadi kwenye msuli wa paja, na eleza kwa nini chupa iliyotobolewa ubavuni haijazi puto. Anayejibu la pili vizuri ameelewa.

Mambo yakigoma

*Puto la ndani halijai.* Mara nyingi hewa inavuja kitakoni. Lowesha vidole uvipitishe pembezoni mwa selotepu huku ukivuta. Utahisi ubaridi panapovuja. Kama kote kumefungwa, puto la ndani ni gumu mno: badilisha, au lipulize mara kadhaa zaidi.

*Chupa inabonyea pembeni badala ya puto kujaa.* Ni laini. Tafuta nyingine. Nimejaribu kuiimarisha kwa selotepu, haifai.

*Maji ya chokaa hayageuki meupe.* Yameshaharibiwa na hewa, au ni mengi mno ndani ya glasi. Jaribu mwenyewe asubuhi ile kabla ya kipindi, na kama yana ukungu kabla ya kupulizwa, yachuje upya.

*Yaligeuka meupe, kisha yakarudi kuwa maangavu.* Alipuliza kupita kiasi. Kabonidayoksaidi ikizidi, ule weupe hubadilika kuwa kitu kinachoyeyuka majini. Usilifiche kosa hili, linafurahisha kuliko jaribio lenyewe.

*Mwanafunzi amepata kizunguzungu wakati wa kupuliza.* Mkalishe, apumue kawaida, kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Siku nyingine wapokezane, pumzi tano kwa kila mtu. Asipopata nafuu, au akianza kukohoa na kifua kubana, sitisha jaribio na umtafutie msaada. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, si kwenye begi lililoachwa darasani.

*Takwimu za pumzi hazieleweki, kuna mwenye 8 na mwenye 50.* Rudia kipimo kabla ya kufuta. Mara nyingi ni kuhesabu kupanda na kushuka kama pumzi mbili, au kusahau kuzidisha kwa 2.

*Darasa ni kubwa na chupa ni tatu tu.* Fanya hatua ya 3 na watu wote, chupa zipitishwe kwa zamu huku wengine wakigawa mawe. Hatua ya 3 usiiguse. Ukilazimika kupunguza, punguza mchoro.

*Mwanafunzi anasema mimea haipumui, hutoa oksijeni tu.* Mjibu kwamba seli za mmea hufanya respiresheni mchana na usiku, umrudishe kwenye mada. Usanisinuru una wiki yake.